Nyota ya Kulia

Same, Jumanne jioni

Nakijwa mwanangu,

Tranka lako limefungwa. Mama yako amelifungua tena, ametoa taulo, ameirudisha, amelifunga. Sasa anapiga pasi sare ambayo imekwisha kupigwa pasi. Mambo ya soksi, sabuni na nani wa kuogopa bwenini ameshakueleza, na atakueleza tena asubuhi tukiwa stendi. Mimi sitaongeza.

Nina deni la swali lako. Juzi Jumapili, tukishuka kutoka Mamba baada ya kumuaga Babu, uliniuliza: "Baba, mbona Babu hakukupa mkono?" Nikakujibu kuwa Babu alikuwa na mikono yenye udongo. Ulinitazama, ukageuka kuangalia dirishani. Ulijua. Alikupa wewe mkono uleule wenye udongo.

Sitaki upande basi la Njombe na jibu lile. Nimelichukia tangu lilipotoka mdomoni, kwa sababu ni la aina ileile ya majibu ambayo nimekuwa nikiyatoa tangu ulipokuwa na miezi mitatu. Basi nitakuandikia lilivyo. Nikilisema kwa mdomo nitalipunguza, najijua.

Unamjua Babu kama mzee wa tangawizi. Hukumjua alipokuwa mwalimu mstaafu na katibu wa kamati ya ndiva, lile bwawa la udongo juu ya kijiji ambako maji ya kijito hukusanywa ili asubuhi yafunguliwe kwenye mifereji ya mashamba. Yeye ndiye aliyechora ramani za zamu za maji. Ukitaka kuelewa nilichofanya, elewa kwanza ramani hizo. Babu alianza na mlima, kila mara. Aliuchora sehemu ya juu ya karatasi, kwa sababu maji hutoka huko, kisha mifereji ikateremka. Kaskazini haikuwamo. Hakuna mkulima Mamba aliyewahi kuhitaji kaskazini ili apate maji.

Bibi yako alipofariki, Babu akawa hawezi kukaa ndani baada ya chakula cha jioni. Alikuwa na darubini ya macho mawili aliyoinunua kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Akaifunga kwenye nguzo ya uani, akaielekeza kwenye mgongo wa mlima ulio mashariki ya nyumba, akawa anatazama nyota zinavyochomoza. Mimi niliona ni upweke tu. Yeye alikuwa anafanya kazi. Kulikuwa na nyota mbili ndogo zilizokaribiana, zinazotokea nyuma ya mlima miezi kama hii, na aligundua kwamba moja haitulii: kuna majuma inalingana na jirani yake, kisha inapungua, kisha inarudi. Akaanza kuandika. Kila usiku usio na mawingu, mstari mmoja kwenye daftari la shule: leo sawa, leo imepungua kidogo, leo imepungua sana. Miaka sita.

Nilipomaliza cheti changu cha utunzaji wa kumbukumbu, nikaenda Mamba na mama yako na wewe mgongoni. Babu akaniwekea madaftari mezani.

"Wewe ndiye msomi," akasema. "Kuna watu duniani kazi yao ni kuorodhesha nyota zinazobadilika. Waandikie. Waulize kama hii wanayo."

Nilijisikia mtu mkubwa. Niliteremka Same, kwenye duka la intaneti nikapata chama cha watazamaji wa nyota ng'ambo, nikachapisha fomu yao na ramani ya sehemu ile ya anga. Fomu ilitaka namba ya nyota. Babu hakuwa na namba. Alikuwa na mchoro: mlima sehemu ya chini ya karatasi safari hii, kwa kuwa nyota hupanda kutoka huko, nyota mbili juu yake, na mshale. Pembeni ameandika, "Ni hii ya kulia."

Usiku, nimerudi Mamba, nikaweka mchoro wake na ramani yangu pamoja mezani, taa katikati. Kwenye ramani yangu nyota mbili zilikuwapo. Nikachukua ya kulia, nikanakili namba yake. Dakika tano.

Ramani yangu ilikuwa na kaskazini juu, kama zote tulizosoma shule. Ya Babu ilikuwa na mashariki chini, kwa sababu mlima wake uko mashariki. Kulia kwake ni kusini. Kulia kwangu kulikuwa magharibi, kwa kuwa ramani ya anga husomwa ukitazama juu, na mashariki hukaa kushoto. Nilichukua jirani.

Ungeweza kusema ni kosa la kawaida, na ingekuwa hivyo kama lingeishia hapo. Lakini kwenye mchoro wa Babu, nyota ya kulia ilikuwa chini kidogo ya mwenzake. Kwenye ramani yangu, ya kulia ilikuwa juu kidogo. Niliona. Nataka ujue kwamba niliona. Nilisimamisha kalamu, nikatazama huku na huku, nikajiambia: mzee hajui kuchora. Mlango ulikuwa hatua nane kutoka mezani. Anga lilikuwa safi, na Babu mwenyewe alikuwa uani, namsikia akikohoa. Sikutoka kwa sababu nje kulikuwa na baridi, na kwa sababu niliona aibu kumuuliza mtu asiyejua kaskazini.

Fomu ikaenda. Baada ya miezi ikaja barua kwamba nyota imeingizwa kwenye orodha ya zile zinazoshukiwa kubadilika, na jina la aliyeiona kwanza ni la Babu yako. Alichinja jogoo. Kanisani mchungaji alimsimamisha, watu wakampigia makofi, na kuanzia siku ile vijana wakamwita Mwalimu wa Nyota. Akajifanya hapendi.

Ulipokuwa darasa la awali ikaja barua ya pili. Watazamaji wa nchi nyingine walikuwa wameifuatilia nyota ile, ile niliyowapa mimi, kwa misimu kadhaa. Haibadiliki hata chembe. Inaondolewa kwenye orodha. Waliandika kwa adabu kwamba huenda macho ya mtazamaji yalikuwa yamechoka.

Nilimtafsiria nikiwa nimesimama mlangoni.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

"Wanasema macho yangu?"

"Ndiyo, baba. Lakini wamesema huenda."

Alikwenda hospitali ya wilaya kupimwa, akaambiwa macho yake ni ya umri wake. Jibu hilo halikumsaidia. Akaifungua darubini kwenye nguzo, akaitia kwenye mfuko wa mbolea, akaining'iniza kwenye dari la jikoni. Halafu kukawa na mkutano wa ndiva. Babu akasema mfereji wa juu unavuja, ameona maji yakipotea kwenye kona. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Mwalimu, umeyaona kweli, au ni kama ile nyota?" Mkutano mzima ukacheka. Nilikuwapo, Nakijwa. Nilicheka kidogo pia, kwa kuwa walio karibu yangu walicheka na sikutaka kuonekana nimekasirika. Mwezi uliofuata Babu aliacha ukatibu. Mfereji ulikuwa unavuja kweli. Hakuna aliyerudi kumwambia.

Wakati huo nilikuwa bado sijui kosa ni langu. Hiyo ndiyo sehemu ya maisha yangu ninayoweza kuitazama bila kichefuchefu, na si ndefu.

Nilijua ulipokuwa darasa la tano. Masjala ninakofanya kazi ilikuwa imepata kompyuta mpya, na siku moja mchana, mkuu wangu akiwa kwenye chai, nikatafuta ile nyota, kwa udadisi tu. Siku hizi kuna kamera zinazojiendesha zenyewe zinazopiga picha anga lote. Niliona nyota iliyoandikwa kwa jina la Babu kama walivyosema, imetulia. Kando yake kulikuwa na nyota nyingine, imepewa jina jipya, na mchoro wa mwanga wake unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. Aliyeigundua: kamera.

Nilikuwa na nakala ya mchoro wa Babu kwenye faili. Nikautoa. Nikaugeuza kidogo. Nikaugeuza tena mpaka mlima ukawa upande wa kushoto, kama mashariki inavyokaa kwenye ramani za anga. Mshale ukaangukia kwenye nyota ya kamera.

Nikaurudisha mchoro kwenye faili. Kisha nikafunga kompyuta, nikagonga mihuri kwenye majalada hadi saa tisa na nusu. Nikaenda nyumbani, nikakusaidia hesabu. Sikumwambia mtu.

Nilikaa kimya miaka miwili. Nimejaribu kutafuta neno zuri la kimya kile na sijalipata. Kila mwisho wa mwezi nilipanda Mamba, nikala chakula cha Babu, nikamtazama akikagua kijiko kwenye mwanga ili ajue ni kisafi, kwa kuwa hakuyaamini tena macho yake, na nikasema chakula ni kitamu. Niliogopa uso wake. Niliogopa pia, na hili ni dogo zaidi na linanuka zaidi, kwamba ofisini wangesikia. Karani aliyekosea namba. Unaweza kumwachia nini karani aliyekosea namba?

Nilimuuliza mkuu wangu kwa kuzungukazunguka, kana kwamba ni habari ya mtu mwingine. Ni mtu mwema, ananiita "bwana mdogo" mpaka leo.

"Kama karani amekosea, na kosa ni la zamani, anaandikaje?"

Akacheka. "Bwana mdogo, karani hasemi nimekosea. Karani anasema imebainika."

Basi niliwaandikia watu wa orodha hivyo. Ninayo nakala. "Imebainika kwamba kulitokea hitilafu katika unakili wa taarifa." Nilipoisoma baadaye nilihisi kama mtu aliyekuta unywele kwenye uji. Hakuna mtu ndani ya sentensi ile. Hitilafu imetokea yenyewe, kama ukungu.

Wakajibu upesi. Walifurahi, lakini hawawezi kurekebisha orodha kwa maneno hayo. Walitaka kuona madaftari ya asili na mchoro, na maelezo yaliyotiwa saini na mtu anayejua nyota moja iligeukaje kuwa nyingine. Kama tarehe za mzee zinalingana na picha za zamani za sehemu ile ya anga, wataziunganisha nyota mbili kuwa kisa kimoja na jina lake litarudi.

Madaftari yalikuwa kwa Babu. Na hapa ndipo ninapojichukia kuliko pengine pote. Nilipanda nikamwambia ofisi inakusanya maandishi ya zamani ya wazee ili yahifadhiwe. Alifurahi! Aliyafuta vumbi moja moja kwa mkono wa shati. "Mpaka haya ya nyota?" akauliza. "Haya si ya maana, ila mwandiko wake ni mzuri." Nikayachukua. Nilishuka nayo kwenye mfuko nikiyabeba kama mwizi wa kuku.

Nilipiga picha kila ukurasa. Nililinganisha usiku wake na mchoro wa mwanga na picha za zamani walizonitumia, usiku baada ya usiku. Pale alipoandika imepungua, ilikuwa imepungua. Pale alipoandika "nadhani sawa, lakini mkono unatetemeka kwa baridi," ilikuwa sawa. Nilipofika daftari la nne nikasimama kwanza, nikaandika upya maelezo yangu. Safari hii niliandika: mimi ndiye niliyenakili. Niliona mchoro na ramani havilingani. Nilidhani baba yangu amekosea. Sikutoka nje kutazama.

Mwezi uliopita walijibu. Imesahihishwa. Kwenye orodha, chini ya nyota ya kamera, kuna mstari unaosema ndiyo ileile iliyoripotiwa zamani kwa namba ya jirani yake, na jina la Babu yako linatangulia.

Sasa Jumamosi. Nilipanda peke yangu. Babu alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, anakwangua udongo kwenye tangawizi, gunia pembeni. Nikamwamkia, nikakaa juu ya gunia jingine.

"Marahaba. Umekuja mtupu, au umekuja na neno?"

Nikasema neno. Nililisema lote, hata la kucheka kwenye mkutano. Alikuwa anaendelea kukwangua. Nilipomaliza akauliza:

"Ulitoka nje?"

"Lini, baba?"

"Usiku ule wa fomu. Ulitoka nje ukatazama?"

"Sikutoka."

"Kulikuwa na mawingu?"

"Hapakuwa na mawingu."

"Nilikuwa hapa." Akaelekeza kisu kwenye nguzo. "Nilikuwa hapa nimesimama."

Kisha akasema jambo ambalo nitalisikia mpaka nizikwe. "Miaka yote hii nafunga jicho moja, natazama ndizi za jirani. Nafunga jingine, natazama. Nitambue lipi ndilo linaloniongopea."

Nikamwambia kuhusu orodha, jina lake limerudi. Nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba hapo ataweka kisu chini.

"Kwa hiyo watu wa ng'ambo wameniamini kabla ya mwanangu," akasema, akatema mate kando. "Ondoka hapo."

Nikasimama, nikaanza kutafuta njia ya kwenda.

"Sijasema nenda. Nimesema ondoka juu ya gunia. Unaponda tangawizi ya watu."

Alinifanya nisome. Nilikuwa nimeyarudisha madaftari. Nilisoma kila usiku, tarehe na alichoandika, halafu nikasema kamera na picha za zamani zinasemaje. Kila mara alisema neno moja tu: "Endelea." Kulipokuwa na baridi aliyoiandika, alikumbuka baridi ile. Usiku aliokosea ulikuwa mmoja, na alijikamata mwenyewe kabla sijasema: "Huo nilikuwa na homa." Nilisoma mpaka sauti ikakauka, na hakunipa maji. Mwishoni akasema, "Kesho mlete mtoto aniage." Akaingia ndani.

Ndiyo maana Jumapili hakunipa mkono. Udongo haukuwa sababu.

Sijui nikwambie nini cha kubeba kutoka kwenye haya. Utakwenda kusoma, utasoma vizuri kuliko mimi, na iko siku utakaa mezani na karatasi iliyochorwa na mtu asiyejua unachokijua, nayo haitalingana na kitabu chako. Mimi nilikuwa na mlango hatua nane na sikuufungua. Ni hayo tu. Kukosea namba ningeweza kuishi nako. Kinachonikera ni kwamba nilifurahi kidogo kudhani yeye ndiye aliyekosea. Ukijikuta unafurahi hivyo, simama, utoke nje.

Na usijifunze "imebainika". Nimeiona ikitumika kwa mafaili yaliyopotea, kwa wagonjwa, kwa watoto wa watu. Ninaiandika kila siku kazini na kila siku inaniachia ladha ya wino mdomoni. Sema mimi.

Nilidhani barua ingeishia hapo. Lakini leo saa kumi bodaboda wa Mamba alisimama mlangoni ukiwa saluni kunyolewa. Alikuwa na mfuko wa tangawizi na bahasha isiyobandikwa.

"Mzee kasema tangawizi ni ya safari," akasema. "Na hii bahasha ni ya Nakijwa. Kasema nisimpe karani."

"Karani ni mimi," nikamwambia.

"Ndiyo, kasema utajitambulisha."

Nimeifungua, nisamehe. Sikuweza kungoja. Ni karatasi ya daftari la shule. Chini kabisa kuna mlima, mistari yake inatetemeka kuliko zamani. Juu yake nyota mbili, na mshale kwenye ya kulia. Ameandika tarehe ya jana, na chini ya tarehe: "Imepungua kidogo kuliko jirani yake. Anga safi."

Jana. Maana yake ameuteremsha ule mfuko wa mbolea kutoka dari la jikoni.

Na upande wa kushoto wa karatasi, ambako katika ramani zake zote hakujawahi kuwa na kitu, amechora mshale mdogo na kuandika kwa herufi kubwa, zile za kufundishia darasa la kwanza: "KASKAZINI NI HUKU. KWA FAIDA YA KARANI."

Sijui kama ni msamaha au ni tusi. Nimeisoma mara nyingi sana leo, nikaona inanitosha vyovyote iwavyo.

Nimeikunja ndani ya barua hii, na zote mbili ziko chini ya shuka lako la pili. Njombe hakutakuwa na mlima wa Babu. Jioni ya kwanza isiyo na mawingu toka nje, elekea mashariki, halafu ndipo uifungue karatasi, uishike mlima ukiwa chini. Kisha mwandikie unachokiona. Mwandikie yeye moja kwa moja, Nakijwa. Usiipitishe kwangu.

Baba yako,
aliyeandika namba ya jirani